Tezi za mafuta: kung'aa kwa uso si uchafu

Jahazi likipandishwa pwani kutengenezwa, mbao zake za juu hupakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake ikikushika hukuacha baada ya siku mbili. Fundi hapaki kwa urembo. Ubao mkavu hupasuka kwa jua na hunywa maji. Ngozi ya mwanadamu nayo ina sifa yake, na hapa sisemi kwa mfano tu. Katika mafuta yanayotoka usoni mwetu, kama asilimia 12 ni kitu kiitwacho skwalini, na kitu hicho mwanakemia wa Kijapani, Mitsumaru Tsujimoto, alianza kukieleza mwaka 1906 baada ya kukipata katika mafuta ya maini ya papa. Jina lenyewe limetoka kwa Squalus, jina la kisayansi la jamii moja ya papa.

Tofauti ni kwamba jahazi hungoja fundi, na ngozi yajipaka yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na tezi za mafuta, vifuko vidogo vilivyojificha ndani ya ngozi. Nimeona niandike juu yake kwa sababu vijana wetu, hasa mabinti wanaokaribia harusi, wamezitangazia vita, na silaha wanazotumia zinawaumiza wenyewe. Mimi si daktari wa ngozi, lakini mambo haya yamekwisha kuchunguzwa miaka mingi na hayana siri. Basi tuanze kwa kuijua tezi yenyewe.

Ilivyo na inavyofanya kazi

Kwa kawaida tezi ya mafuta hukaa ubavuni mwa shina la unywele, na mdomo wake hufunguka ndani ya kile kishimo unywele unamotokea. Ndiyo maana viganjani na nyayoni, pasipoota nywele, hakuna hata moja. Tazama kiganja chako: hutoa jasho, mafuta hakitoi. Usoni na kichwani ndiko ziliko tele. Sentimita moja ya mraba ya ngozi ya uso yaweza kuwa na tezi 400 hadi 900. Kifua na mgongo wa juu hufuatia. Jasho ni jambo jengine na lina tezi zake, ingawa uso wa mtu aliyetoka Marikiti na kapu lake saa saba za mchana hung'ara kwa yote mawili.

Namna inavyotoa mafuta ni ajabu kidogo. Tezi ya jasho hutoa maji, na seli zake hubaki salama. Seli ya tezi ya mafuta hujijaza mafuta mpaka ikafura, kisha hupasuka ikafa, na hicho kilichomwagika ndicho kinachopanda juu ya ngozi. Tangu seli kuzaliwa mpaka kupasuka ni kama wiki mbili. Wataalamu huyaita mafuta hayo sebamu. Ndani yake mna mafuta ya kawaida, mna nta, na mna hiyo skwalini. Yakifika juu hulainisha ngozi na nywele, na baadhi ya asidi zake huzuia vijidudu visizaane ovyo.

Mwenye kutoa amri ni homoni, hasa zile ziitwazo za kiume, ambazo wanawake pia wanazo kwa kiasi chao. Mtoto akiwa tumboni homoni humfikia, ndiyo sababu huzaliwa tezi zake zikiwa kubwa na hodari. Ule utando mweupe anaozaliwa nao, kama samli iliyoganda, sehemu ya mafuta yake hutoka katika tezi zake mwenyewe. Nyanya zetu waliuona ni uchafu wa kuondolewa upesi kabla wageni hawajaingia. Leo Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite angalau saa 24, kwani kuoga mapema humtoa joto, na utando ule humkinga ngozi. Afutwe damu, akaushwe, awekwe kifuani mwa mama.

Baada ya miezi michache tezi hulala. Huanza kuamka mtoto akiwa na miaka 8 au 9, kabla mzazi hajaona dalili yoyote ya balehe, na kufikia miaka ya ujana huwa zimepamba moto. Wanawake wakishakoma hedhi mafuta hupungua sana. Wanaume hubaki nayo mpaka uzeeni. Bibi anayelalamika kuwa miguu yamuwasha na ngozi yake ni kama karatasi, wakati mumewe wa miaka 70 paji la uso lamng'ara, hana maradhi. Ajipake mafuta mazito mara tu atokapo kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Kuna tezi za mafuta zisizo na unywele. Zilizo kwenye ukingo wa kope zilielezwa vizuri na daktari Mjerumani Heinrich Meibom mwaka 1666. Ukope wa juu una kama 30 au zaidi, wa chini una chache kidogo. Mafuta yake hutandaa juu ya chozi ili lisikauke, na bila hayo jicho huwasha kama lenye mchanga. Tezi hizi au zile za mashina ya kope zikiziba na kuingia vijidudu, ndipo mtu hutoka chokea. Mama zetu waliokuwa wakikunja pembe ya leso, wakaipulizia pumzi na kulikanda jicho, walikuwa kwenye njia sawa: joto hulainisha mafuta yaliyoganda nayo hutoka. Ila badala ya pumzi tumia kitambaa safi kilichochovywa maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi, mara kadhaa kwa siku. Na usiikamue.

Nyengine ziko katika duara jeusi linalozunguka chuchu ya mama, vile vipele vidogo vinavyojitokeza zaidi wakati wa mimba. Hulainisha chuchu, na harufu yake husaidia mtoto mchanga kulitafuta ziwa. Mama anayeosha maziwa kwa sabuni kila kabla ya kunyonyesha, kwa nia njema kabisa, anayaondoa mafuta hayo na kujitafutia mipasuko. Maji matupu yatosha. Nta ya masikio nayo ni mafuta ya tezi hizi yaliyochanganyika na yale ya tezi nyengine za sikioni pamoja na ngozi iliyokufa. Hutoka yenyewe polepole. Vijiti vya pamba huisukuma ndani.

Kwa wanyama na ndege

Ukitaka kuona umuhimu wa mafuta ya ngozi, watazame wasioweza kwenda dukani kununua losheni. Ndege wengi hawana tezi za mafuta mwilini mzima kama sisi; wana moja kubwa, juu ya mkia. Kila aliyepata kuandaa kuku aijua: kile kinundu chenye kichuchu karibu na mkia, ambacho wapishi wengi hukikata kwa sababu huharibu ladha ya mchuzi. Kuku au bata hukibana kwa mdomo, akachukua mafuta, akayapitisha katika manyoya moja moja. Bata hutoka majini mkavu kwa sababu manyoya yake yamefumana vizuri, na mafuta huyaweka laini yasivunjike.

Mnandi, yule ndege mweusi anayesimama juu ya mti wa mkoko kakunjua mabawa kama mtu aliyeanika kanzu, husemwa kuwa hana mafuta. Anayo. Ila manyoya yake yameumbwa yaloe, ili aweze kuzama kufuata samaki bila kuelea kama kizibo.

Wa kushangaza zaidi ni hudihudi, ndege tunayemjua sote kwa kisa cha Nabii Sulaiman. Kwa uzuri wa kishungi chake mtu hangedhani, lakini jike akiwa anaatamia, tezi yake ya mkiani hubadilika na kutoa majimaji ya rangi ya kahawia yenye uvundo mkali. Uvundo huo hutokana na bakteria wanaoishi ndani ya tezi. Jike huyapaka mayai yake, na bakteria hao huwazuia vijidudu wabaya wasipenye ganda. Mtu akitia pua kwenye tundu la hudihudi hatarudia.

Upande wa wanyama wenye manyoya, paka anayejisugua shavu kwenye mguu wako, na Lamu hutokosa paka wa kukusugua, hakupendi tu. Ana tezi za mafuta mashavuni na kidevuni, na anaacha harufu yake kwako ili uhesabiwe katika mali zake. Paa na dikidiki wana tezi mbele ya jicho, ile alama nyeusi kama chozi, ambayo huichomeka kwenye ncha ya kijiti ili kuweka mpaka.

Wafugaji wa mbuzi nao wana jambo lao. Harufu ya beberu hutoka hasa katika tezi za mafuta za kichwani, nyuma ya pembe. Mbuzi aliyehasiwa hana harufu hiyo, kwa kuwa hana homoni ya kuziamrisha tezi. Wafugaji wa tangu zamani walijua kuwa majike waliokaa mbali na beberu, akiletwa, huanza kutaka kupandwa kwa siku chache. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walieleza kemikali moja katika nywele za kichwa cha beberu inayoamsha sehemu ya ubongo wa jike inayosimamia uzazi. Kwa upande wa jikoni, mafuta hayo hushika mikono. Mchinjaji stadi hashiki nyama kwa mkono uliokuwa ukishika ngozi, na mwenye kulalamika kuwa nyama ya beberu inanuka, mara nyingi lawama ni ya mchunaji.

Kondoo wa sufu, wale wa nchi za baridi na wa bara kwenye miinuko, hutoa mafuta mengi ya ngozi yenye nta. Sufu mbichi ikioshwa, mafuta hayo hukusanywa na kusafishwa, yakaitwa lanolini. Soma nyuma ya kopo la mafuta ya midomo au ya chuchu za mama anayenyonyesha na waweza kulikuta jina hilo. Yasichanganywe na mafuta ya mkia wa kondoo wetu. Yale ni akiba ya chakula chini ya ngozi, hayatoki katika tezi.

Mwisho ni fungo, ambaye wengine humwita ngawa. Chini ya mkia ana kifuko chenye tezi, na kinachotoka humo ndicho zabadi. Ni uto mzito wa rangi ya manjano. Ukiwa mwingi hunuka vibaya, ukichanganywa kidogo sana na manukato mengine huyafanya yadumu. Jina la Kiingereza la mnyama huyu limetokana na neno hilo hilo la Kiarabu, zabad. Ethiopia imefanya biashara hii kwa karne nyingi, zabadi ikisafirishwa ndani ya pembe za ng'ombe. Fungo hutiwa katika kizimba chembamba na kukwanguliwa kila baada ya siku chache, na wenye kutetea wanyama wamelilalamikia hilo, kwa haki nionavyo mimi. Kiini cha harufu hiyo kilitambuliwa na mwanakemia Leopold Ružička mwaka 1926, na leo hutengenezwa kiwandani. Hakuna haja ya kumtesa mnyama kwa ajili ya nguo za harusi.

Chunusi, madoa na mkorogo

Turudi kwa mwanadamu, na hapa ndipo penye uzito. Chunusi, na sisemi yule jini wa majini, huanza pale mafuta yanapoongezeka na ngozi iliyokufa ikaziba mdomo wa kishimo cha unywele. Mafuta hukwama chini. Bakteria wanaoishi humo siku zote hupata karamu, mwili ukakasirika, pakavimba. Ile ncha nyeusi ya puani pia si uchafu. Ni mafuta na ngozi yaliyobadilika rangi kwa kukutana na hewa, pamoja na rangi ya ngozi yenyewe. Kuisugua mpaka pua iwake hakusaidii kitu.

Basi chunusi hazitokani na uchafu, wala si dalili kwamba kijana ana ashki au mawazo mabaya. Maneno hayo husemwa mbele za watu kana kwamba ni mzaha, na mtoto wa miaka 14 hayasahau. Kuhusu chakula, mafuta ya bajia hayapandi usoni. Utafiti waelekea zaidi kwenye sukari na vyakula vya unga mweupe, kwa hiyo soda za kila siku ndizo za kupunguzwa kwanza.

Ngozi yetu nyeusi na ya maji ya kunde ina shida yake ya ziada. Chunusi ikipona huacha doa jeusi, na doa hilo laweza kukaa miezi. Mara nyingi doa ndilo linalomliza msichana kuliko chunusi yenyewe, na doa ndilo linalompeleka dukani kutafuta krimu ya kusafisha uso. Kinachouzwa hapo, au kinachochanganywa nyumbani kikaitwa mkorogo, mara nyingi kina dawa za steroidi kama betamethasoni au klobetasoli. Siku za mwanzo hufurahisha. Uvimbe hutulia, uso hung'aa, mashoga huuliza wapakaje. Baada ya wiki kadhaa ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, nywele huota mashavuni, na chunusi mpya hutoka, ndogo ndogo, zote za umbo moja. Hizi huletwa na krimu yenyewe. Akiacha, uso huwaka, akirudia, hutulia. Hapo ameshanaswa.

Krimu nyengine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila daktari yaweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka kwa urahisi, yaani kinyume cha alichokitaka mtu. Nyengine zina zebaki, ambayo hupenya ngozini ikaharibu mafigo, na mama mjamzito humfikisha nayo mtoto. Krimu zenye vitu hivi viwili zimepigwa marufuku nchini, na KEBS imepata kutoa orodha ya majina, lakini kopo likitolewa dirisha moja huingilia jengine. Ukiona krimu haina orodha ya vilivyomo, au imejazwa katika kichupa kisicho na jina, hiyo usiitie usoni hata kama muuzaji ni mtu wako.

Ndimu nayo iachwe jikoni. Maji ya ndimu juu ya ngozi, kisha jua la Mombasa, huunguza na kuacha baka jeusi kuliko lile la kwanza. Dawa ya meno haifai pia. Na singo, ambayo ni mila yetu nzuri kwa mwili wa bi harusi, isisuguliwe usoni penye chunusi zinazouma. Kila mkwaruzo hapo ni doa la baadaye. Somo anayejua kazi yake huupita uso akaendelea na mikono.

Yanayofaa ni machache na hayana mvuto wa kutangazwa. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, kwani ukikausha mno ngozi huchubuka na dawa huishindwa kuivumilia. Mwombe mfamasia aliyesajiliwa benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 na uipake usiku kwenye eneo zima linalotoka chunusi, wala si kwenye kipele kimoja kimoja. Tahadhari: hupausha vitambaa, kwa hiyo usilalie mto mzuri wala usivae mtandio mweusi kabla haijakauka. Adapaleni pia hufaa, lakini si kwa mjamzito. Kwa mchana, krimu ya kuzuia jua isiyo na mafuta husaidia madoa yasikolee. Chunusi zikiwa za vivimbe vikubwa vyenye maumivu, au zikiacha mashimo, nenda kwa daktari mapema, maana shimo halifutiki kwa dawa ya kupaka. Daktari aweza kutoa vidonge vya isotretinoini, ambavyo huzinywesha tezi zenyewe. Ni dawa yenye nguvu, na husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni. Dada aliyekwenda kupimwa na kuandikiwa asimgawie shoga yake hata kidonge kimoja.

Neno juu ya mba, kwani hapa tunakosea karibu sote. Mba hutokana na kuvu mdogo anayeishi kichwani na kula mafuta ya tezi. Kichwa kikibabuka twasema ni kikavu, tukakimwagia mafuta ya nazi. Kuvu yule hula mafuta hayo hayo ya nazi, na ya zeituni pia. Mabaka hulala kwa siku moja, kisha hurudi zaidi. Mafuta ya nazi yapakwe kwenye nywele zenyewe, hasa nchani, na ngozi ya kichwa ioshwe kwa shampuu yenye ketokonazoli, ikiachwa dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuzwa, mara mbili kwa wiki.

Dawa za chunusi hazionyeshi matunda kwa wiki moja. Zahitaji wiki sita hadi nane kuanza kuonekana, na kama miezi mitatu kwa matokeo kamili. Madoa hukawia zaidi. Wenye harusi ya Mfungo Mosi, binti na aanze Rajabu.